UZIMA WA MTU MZIMA: MWILI, AKILI NA ROHO

Somo kwa vikundi vya parishi na kwa kila Mkristo nyumbani kwake

Someni kwanza: 1 Wafalme 19:1–18, Marko 1:40–45, Marko 5:21–43, Yakobo 5:13–16.



Ndugu wasomaji, watu wa Masasi na Newala wanapokutana njiani, jambo la kwanza ni kujuliana hali. "U mzima?" "Mzima, sijui wewe." Twajibu hivyo hata kama kichwa kinauma, hata kama tumelala bila kula, hata kama moyo umejaa hofu ya deni au msiba. Katika somo hili tulipime neno hilo "mzima", maana lina mafundisho makubwa kuliko tunavyodhani.

1. Neno lenyewe

Kiswahili chetu kimelipa neno hili kazi nyingi. Chungu kizima ni chungu kisichopasuka. Siku nzima ni siku bila kupunguzwa saa hata moja. Mtu mzima ni yule aliyekomaa, aliyetoka utotoni. Mgonjwa akipona twasema amekuwa mzima. Na katika Imani twakiri uzima wa milele. Wazee waliotuachia lugha hii hawakutenga neno moja kwa mwili, jingine kwa akili na jingine kwa roho. Waliona jambo moja tu: kitu kikamilifu, kisichokatwa vipande.

Sasa fikirini habari ya chungu. Chungu chenye ufa mmoja tu, hata kama ufa huo uko chini kabisa usikoonekana, hakiitwi kizima. Ukikipamba kwa nje maji yatavuja vile vile. Ndivyo alivyo binadamu. Mtu aweza kuwa na mikono yenye nguvu ya kulima ekari nzima, lakini moyoni ana chuki ya miaka kumi na ndugu yake kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mwingine hakosi Misa hata Jumapili moja, lakini damu yake inapanda kila siku naye hajapimwa tangu azaliwe. Wote wawili wana ufa.

Wataalamu wa dunia nao wamefika mahali hapo hapo. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa sahihi mwaka 1946, inaeleza kwamba afya ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha yetu pamoja na wenzetu, wala si kukosa ugonjwa peke yake. Sisi Wakristo twaongeza jambo la nne: amani na Mungu aliyetuumba.

2. Nabii aliyetaka kufa

Tuangalie habari za Eliya. Ametoka kushinda vita vikubwa vya imani juu ya mlima Karmeli. Mara malkia Yezebeli anatisha kumwua, na yule shujaa anakimbia jangwani, anaketi chini ya mti, anamwomba Mungu amwondolee uhai wake. Tusimcheke. Wako Wakristo wema, hata wazee wa kanisa, waliofika chini ya mti huo.

Sasa angalieni kwa makini utaratibu wa Mungu, maana hapa ndipo penye somo. Je, Mungu alianza kwa kumhubiria? Hapana. Alianza kwa kumwacha alale. Halafu malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu mno kwake. Ndipo Eliya akatembea hata mlima Horebu. Huko Mungu akamwuliza afanyaje hapo, akamwacha aseme yote yaliyokuwa yakimwumiza moyoni. Kisha Bwana akajifunua kwa sauti ya utulivu. Mwisho akampa kazi ya kufanya, akampa na mwenzi, yaani Elisha, akamjulisha kwamba hayuko peke yake, bali wako watu 7,000 katika Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti.

Hesabuni wenyewe: usingizi, chakula, maji, mwendo, mazungumzo, neno la Mungu, kazi, mwenzi, jumuiya. Hakuna kilichodharauliwa. Basi tukimwona mtu amevunjika moyo, tusikimbilie kumwambia hana imani. Tumwulize kwanza: umekula? Umelala? Una mtu wa kuzungumza naye?

3. Bwana wetu na wagonjwa

Katika Marko sura ya 1 anakuja mtu mwenye ukoma. Wakati ule mkoma hakuumwa ngozi tu. Alitengwa na watu, na hakuna aliyemgusa. Bwana Yesu angeweza kumponya kwa neno tu, lakini alinyosha mkono akamgusa kwanza. Baada ya kumponya akamtuma kwa kuhani, ili atambuliwe na kurudishwa kati ya watu wake. Hivyo alipona ngozi, akapona upweke, akarudishwa katika ibada.

Jambo hili lina maana kwetu, maana ukoma umetutesa sana huku kusini. Tangu miaka ya 1980 ziko dawa zinazotumiwa kwa pamoja ambazo huuponya kabisa, na ugonjwa ukigunduliwa mapema hauachi kilema. Lakini dawa haiwezi kumlazimisha jirani kukaa benchi moja na aliyepona. Sehemu hiyo ya uponyaji ni yetu.

Katika sura ya 5 yuko mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga. Bwana hakuridhika kumwacha aondoke kwa siri akiwa amepona mwili tu. Alimwita mbele, akamsikiliza, akamwita binti, akampa amani. Kisha akaenda kwa Yairo, akamfufua msichana wa miaka 12, na neno lake la mwisho nyumbani mle lilikuwa kwamba mtoto apewe chakula. Baada ya muujiza mkubwa kama ule, Bwana wa uzima alikumbuka chakula!

4. Waliotutangulia

Habari hii si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipowaleta Masasi watu waliokombolewa kutoka utumwani, akitoka nao Unguja, watu wale walihitaji Injili, lakini walihitaji pia mashamba, nyumba, maji na usalama. Mwaka 1882 Masasi ilipovamiwa na Magwangwara, kazi ilihamia Newala kwa muda. Wamisionari na waumini walijifunza mapema kwamba huwezi kuchunga roho za watu huku miili yao imeachwa njaani au hatarini.

Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu mwaka 1926, anakumbukwa kwa kuingiza jando katika maisha ya Kanisa badala ya kulipiga marufuku tu. Aliona kwamba jando la wazee lilimlea kijana kwa jumla: mwili, adabu, na nafasi yake kati ya watu. Kulivunja bila kuweka kitu mahali pake kungemwacha kijana nusu nusu.

Mwaka 1935 alifika daktari kijana Mwingereza, Leader Stirling. Alifanya kazi Masasi, kisha Lulindi, ambako hospitali ilianza kwa majengo ya miti, udongo na nyasi. Hakutosheka na kupasua na kutoa dawa. Aliwafundisha vijana wa kwetu kazi ya uuguzi, akawa pia kiongozi wa skauti, akiwafunza nidhamu, mazoezi na moyo wa kusaidia wengine. Mwaka 1949 aliingia Kanisa Katoliki la Roma, akahamia Mnero. Baadaye akawa raia wa nchi hii, mbunge, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 Waziri wa Afya wa Tanzania. Alifariki mwaka 2003. Daktari wa vibanda vya nyasi Lulindi ndiye aliyekuja kusimamia afya ya taifa zima katika miaka ile serikali ilipokuwa ikipeleka zahanati na vituo vya afya vijijini.

Wenye umri wangu hawajasahau kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Hapakuwa na sindano wala kidonge. Ilikuwa elimu pamoja na majembe. Miaka mitano baadaye, mwaka 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata na kutangaza kwamba afya ya watu huanzia vijijini, kwa chakula, maji safi, elimu na kinga. Wengi wetu tulikuwa tumekwisha kushika jembe la somo hilo.

5. Mwili: mambo ya kwetu

(a) Chakula. Sisi watu wa uwanda wa Makonde ni watu wa muhogo. Muhogo ni rafiki mwaminifu: hustahimili ukame na hungoja shambani. Lakini muhogo mchungu una sumu, na usipoandaliwa vizuri hudhuru. Uko ugonjwa uitwao konzo, ambao humpooza mtu miguu yote miwili ghafula, nao hauponi. Huwapata hasa watoto na wanawake, wakati wa ukame au njaa, watu wanapokula muhogo mchungu ulioharakishwa, bila kitoweo cha kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa huo ulizuka katika mikoa ya Mtwara na Ruvuma. Basi si hadithi ya mbali.

Kinga yake ni rahisi. Kwanza, tusifupishe siku za kuloweka na kuanika makopa hata njaa ikibana. Pili, iko njia ya kuusafisha unga kabla ya kupika. Weka unga katika bakuli, usawazishe juu, utie alama ndani ya bakuli pale unga ulipofikia. Tia maji huku ukikoroga; unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha kutia maji. Utandaze juu ya mkeka au chano, tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, kivulini kwa saa 5 au juani kwa saa 2. Sumu hutoka kama hewa. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo.

Tatu, muhogo peke yake haujengi mwili. Mungu ametupa mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe na karanga. Ametupa kisamvu, matembele na majani ya maboga. Mara nyingi twauza korosho zote, karanga zote na mayai yote, kisha twawapa watoto ugali na chumvi. Fedha ni kitu chema, lakini mtoto hali noti. Tuweke sehemu ya mavuno kwa ajili ya sufuria ya nyumbani. Hata bibo, ambalo wengi hulitupa au hulifanya pombe, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

(b) Maji. Udongo wa uwanda wetu ni wa kichanga. Mvua hunyesha ikapotea chini. Mama zetu walishuka mabondeni usiku wa manane na kupanda tena na maji kichwani, saa nyingi kwa mtungi mmoja. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanzishwa katika miaka ya 1950, ulipunguza taabu hiyo, ingawa haukuimaliza. Wenye visima vya kuvuna maji ya mvua wavifunike vizuri, ili mtoto asitumbukie na mbu wasizaliane. Maji ya kunywa yachemshwe. Na akina baba, kuchota maji si aibu kwa mwanamume. Mgongo unaouma wa mkeo ni sehemu ya afya ya nyumba yako.

(c) Shamba la korosho. Wakati wa kupuliza salfa wengi wetu hatufuniki pua, mdomo wala macho. Vumbi lile huwasha macho na kukereta kifua. Fungeni kitambaa au vaeni barakoa, wekeni watoto mbali, ogeni na kufua nguo mkimaliza. Na utomvu wa maganda ya korosho huunguza ngozi. Tusiwaachie watoto kazi ya kuchoma na kubangua.

(d) Viungo. Wanafunzi wetu wa zamani wanakumbuka mchakamchaka wa alfajiri, tukikimbia na kuimba kabla ya masomo. Wengine walidhani ni adhabu. Kumbe mwili uliumbwa utembee. Wataalamu hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za kazi ya kutoa jasho kidogo kila juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Anayelima kwa jembe amekwisha timiza. Lakini wako wanaokaa dukani kutwa, wako vijana wa bodaboda, na tuko wastaafu tuliozoea kiti cha mwegemeo. Tutembee kwenda kanisani na sokoni.

Kwa wazee kuna hatari nyingine, nayo ni kuanguka. Mfupa wa nyonga ukivunjika uzeeni, wengi hawasimami tena. Jizoezeni nyumbani: kaa juu ya kiti imara, simama bila kushika kitu, kaa tena, mara kumi. Kisha tembea polepole kandokando ya ukuta, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Asiyeweza afanye kidogo kidogo, na mtu awe karibu.

(e) Damu na sukari. Presha haina mlio. Mtu hulima, hucheka, huimba kwaya, kumbe mishipa imebanwa. Siku moja mdomo unakwenda upande, mkono unalegea, maneno yanakokota. Hicho ni kiharusi. Hapo ndugu husema "amepigwa na jini" au "amerogwa", wakampeleka kwa mganga siku tatu, na saa za kumsaidia zikapita. Nawasihi sana: mkiona dalili hizo, hata moja, mpelekeni hospitali saa ile ile, iwe Mkomaindo, Newala au Ndanda, popote palipo karibu. Na tusingoje kufika huko. Kila aliyepita miaka 40 apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka. Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, afuate shauri la daktari. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika samaki wa chumvi.

6. Akili na moyo

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Nadhani maradhi tunayoyaficha zaidi ni ya moyo. Mjane anayekaa gizani miezi sita baada ya mazishi. Kijana aliyemaliza shule bila kazi. Baba ambaye bei ya korosho ilimwangusha naye ana deni. Mama aliyejifungua, kisha analia kila siku bila kujua sababu. Watu hawa hawana kidonda cha kuonyesha, lakini wanaumwa. Sonona ni ugonjwa, unatibika, wala si alama ya kukosa imani. Mkumbukeni Eliya.

Wengi hutafuta dawa yake ndani ya chupa. Msimu wa korosho ni msimu wa fedha, na msimu wa mabibo ni msimu wa uraka na gongo. Fedha iliyongojewa mwaka mzima huisha kwa majuma machache, na ugomvi huanza nyumbani. Gongo inayopikwa vichakani yaweza kuwa na sumu ya kupofusha macho na kuua. Tusiwahukumu wanaokunywa kwa kuwasengenya. Twende tuwaulize wanakimbia nini.

Usingizi nao, ndugu zangu, ni tendo la imani. Asiyelala kwa wasiwasi anataka kuilinda dunia mwenyewe. Tumwachie Mungu zamu ya usiku.

7. Sala na dawa

Nafika sasa kwenye jambo linalonitia hofu kuliko yote. Siku hizi liko fundisho, linalopita hata katika nyumba za Waanglikana, kwamba mtu akishaombewa akiendelea kumeza dawa ameonyesha kutoamini. Watu wanaacha vidonge vya presha, vya sukari, vya kifua kikuu, vya virusi vya UKIMWI. Siku za kwanza wanajisikia vizuri, wanatoa ushuhuda. Kisha ugonjwa unarudi kwa nguvu, na mara nyingine twakutana makaburini.

Kanisa letu halifundishi hivyo. Yakobo anaagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Twaushika Mpako wa wagonjwa kwa heshima yote. Lakini mafuta yenyewe yalikuwa pia dawa ya siku zile: Msamaria mwema alimimina mafuta na divai katika majeraha, akayafunga, akamlipia mgonjwa nyumba ya wageni. Nabii Isaya alipoleta habari ya kupona kwa mfalme Hezekia, aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20). Paulo alimshauri Timotheo juu ya tumbo lake. Hakuna mahali hapo ambapo dawa ilishindana na sala.

Mkulima huomba mvua, naye huchimba mashimo ya kupandia. Hakuna anayesema jembe lake ni kukosa imani. Kidonge nacho ni jembe. Mungu aponyaye ndiye aliyeweka nguvu ndani ya mimea na akili ndani ya madaktari. Basi mwite Padre akuombee na kukupaka mafuta, pokea Ushirika Mtakatifu, kisha meza dawa yako kwa wakati, ukimshukuru Mungu kwa vyote. Ukidhani umepona, nenda upimwe. Kama umepona kweli, kipimo hakitauaibisha muujiza.

Kadhalika katika Kwaresima. Mwenye kisukari anayetumia dawa, mama mjamzito, anayenyonyesha na mzee dhaifu wasijinyime chakula bila kushauriana na mganga wa zahanati na Padre. Wafunge mambo mengine: maneno makali, simu ya usiku, kinyongo. Mungu hataki sadaka ya mtu aliyezimia.

Wala tusivuke upande wa pili tukadhani hospitali yatosha. Nesi aweza kushusha presha, lakini deni la msamaha hawezi kukulipia. Wako wagonjwa ambao usiku wao ungekuwa mwepesi kama wangeungama na kupatana na ndugu zao.

8. Kazi ya parishi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Uzima wa mtu mmoja ni kazi ya watu wengi. Napendekeza mambo manne, yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila kikundi kiandike majina ya wagonjwa, wajane na wazee wanaokaa peke yao, na kila jina lipewe mtu wa kulitembelea kila juma. Atakayekwenda achukue neno la Mungu na ndoo ya maji.

Pili, akina mama wa parishi waonyeshe hadharani, baada ya Misa, namna ya kusafisha unga wa muhogo na kupika uji wa mtoto wenye karanga au kunde.

Tatu, Halmashauri ya parishi imwombe mganga wa zahanati aje mara mbili kwa mwaka kupima presha na uzito baada ya ibada. Watu ambao hawaendi zahanati huja kanisani.

Nne, vijana wapewe mpira, ngoma na kwaya katika miezi ya mavuno, siyo mahubiri ya kukataza pombe peke yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Mungu alimtendea Eliya mambo gani kabla ya kusema naye? Katika mambo hayo, ni lipi tunalolisahau tunapomtembelea aliyevunjika moyo?
2. Kwa nini Bwana Yesu alimgusa mkoma? Leo ni nani katika kijiji chetu ambaye hakuna anayemgusa?
3. Nyumbani kwetu twauza vyakula gani ambavyo watoto wetu wanavihitaji?
4. Mwenzetu akisema ameacha dawa kwa sababu ameombewa, tumjibu nini kwa upole na kwa kweli?
5. Katika mwili, akili, jamaa na roho, ufa wangu uko wapi?

Swali la tano lisijibiwe kikundini. Kila mtu aende nalo nyumbani, alitafakari kwa sala, kisha juma hili hili achukue hatua moja tu: kupimwa, kupatana, kupumzika, au kumtembelea mtu. Kikundi kikikutana tena, kila mmoja aseme tu kama ameifanya au bado.